Tobo la Juu

Ikinga, Ileje
2 Juni 2024

Mkamwana,

Nakusalimu wewe na mjukuu wangu Jenista. Sisi huku tunaendelea. Mahindi tumeshayaingiza ndani na baridi imekuja kabla ya wakati wake. Ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, na goti langu la kushoto linanipa habari za hewa kabla ya redio.

Najua si kawaida yangu kukuandikia. Nikimpigia Aliko simu anapokea akiwa katikati ya malori, anasema, "Baba, nitakupigia," halafu hapigi. Wewe siwezi kuongea nawe kwa simu. Sauti ya mkamwana haifiki masikioni mwa baba mkwe, ndivyo ulivyolelewa na ndivyo nilivyolelewa. Lakini barua haina sauti wala uso. Baba yangu hakuikataza kwa sababu hakujua kusoma.

Neno lenyewe ni kuku. Kideri kimeingia kijiji cha jirani na mabanda yamebaki manyoya. Wewe una duka la dawa za mifugo hapo Tunduma, basi mwambie mume wako alete chanjo kabla hatujamalizika, alete na ya majirani.

Tena sijamwona huyo mwanangu tangu tulipomzika mama yake, yapata miaka miwili. Kuku nimewatanguliza makusudi. Ukimwambia mwanamume kwamba baba yake amemkumbuka, atasema kesho. Ukimwambia kuku wanakufa, anawasha gari.

Barua hii nampa Watson mwenye Noah ya abiria ya Isongole, naye ataipitisha kwa wenzake mpaka ikufikie.

Mimi,
Sadoki

*

Tunduma
17 Juni 2024

Baba Mkwe,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na doa la mafuta ya maandazi, lakini maneno yote yalisomeka. Jenista hajambo, ameng'oka jino la mbele na anaongea kwa kupuliza. Pole na goti. Aliko ni mzima, ila foleni ya malori mpakani imekuwa ndefu na yeye na vipuri vyake hawaonekani nyumbani mchana. Nilipomsomea habari ya kuku alicheka akasema, "Mzee amenikumbuka." Basi anakujua kuliko unavyodhani.

Chanjo ipo. Kazi ni kuifikisha ikiwa na ubaridi wake. Chupa ikishapata joto ni maji tu, mtu atachanja kuku leo, kesho amzike, halafu mimi niitwe tapeli. Barafu kwenye deli haimalizi siku tatu na vijiji vyenu ni vingi. Ndiyo maana Aliko anakuja na lile gari alilonunua Nakonde, ambalo wageni fulani walikuwa wakizunguka nalo Afrika na kulala humo humo. Lina kitanda, sinki, na friji ndogo inayotumia gesi. Moto unawaka nyuma, ndani kunakuwa baridi. Hata mimi nilicheka nilipoambiwa.

Friji hiyo naijua mimi. Mzambia aliyetuuzia alinifundisha mimi, kwa kuwa Aliko alikuwa ameingiza kichwa kwenye injini. Inawashwa siku moja kabla ya safari, maana inapoa polepole, na ukiingiza chupa kwenye friji yenye joto umejidanganya. Mpira wa gesi naupaka povu la sabuni. Likitutumka mahali, safari hakuna. Mtungi usimame wima, ufungwe mkanda. Gari likitembea, na hasa likiingia sheli, gesi inafungwa. Ubaridi uliomo unatosha kufika. Mkifika, gari lisimame sawasawa, kwa sababu friji hii ikilala upande haipoi, na huko kwenu kila mahali ni mteremko. Wekeni mawe chini ya matairi. Moto uwe wa bluu. Ukigeuka wa njano, zimeni.

Lililobaki ndilo kubwa. Ubavuni mwa gari, kwa nje, kuna matobo mawili yenye wavu. La chini linaingiza hewa na la juu linatoa moshi. Moshi huo hauonekani wala haunuki. Ni ule ule wa jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, unaolaza watu wasiamke. Matobo hayo yasizibwe kwa kitu chochote, na atakayelala humo aache dirisha wazi kidogo hata kama anatetemeka.

Aliko nimemweleza, naye ameitikia kama anavyoitikia kila kitu. Kwa hiyo naomba nije naye. Siku hizi wengi wamelegeza, hata mchungaji wetu alisema mkamwana na baba mkwe wanaweza kula meza moja. Mimi meza sitaki. Nitakaa nyuma ya pazia, na wewe ukipanda mimi nitashuka. Nataka tu kuwa karibu na moto ule.

Mkamwana wako,
Tumpale

*

Ikinga
25 Juni 2024

Mkamwana,

Salamu nyingi. Jino la Jenista mlitupe juu ya paa kama tunavyofanya, lisitupwe jalalani. Kuku wangu bado wazima ila jogoo mmoja amenuna na namwangalia kwa wasiwasi.

Ombi lako nimelisoma mara mbili na jibu ni hapana. Mchungaji ana nyumba yake nami nina yangu. Marehemu mama yake Aliko hakuwahi kutamka jina la baba yangu mpaka anaingia kaburini, wala hakukutana naye njiani bila kuingia vichakani, na hakupungukiwa kitu. Gari lako ni chumba kimoja chenye matairi. Pazia ni kitambaa, linapeperuka. Mimi nimebakiwa na heshima tu, msinivue na hiyo.

Kuhusu moto, niliwasha moto kabla baba yako hajaota ndevu. Kukandika ukuta pia najua. Huku milimani nyumba yenye tobo ni nyumba ya mvivu. Lakini nimekusikia. Tunasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sisi wakuu siku hizi tunasikia hata la wadogo kwa ajili ya elimu yenu.

Mwambie Aliko aje na sweta. Amekaa Tunduma na vumbi lake, ameisahau baridi ya kwao.

Sadoki

*

Tunduma
11 Agosti 2024

Baba Mkwe,

Shikamoo. Jenista anakula. Duka nimefungua tena wiki iliyopita. Mimi naamka asubuhi na kwa sasa hiyo ndiyo habari yangu.

Tangu tumzike Aliko sijakuandikia. Siku ile wewe ulikaa mbele ya nyumba na wanaume, mimi nyuma na wanawake. Nilisikia kikohozi chako, nawe bila shaka ulisikia kilio changu. Tulimlilia mtu mmoja tukiwa pande mbili za ukuta, na hakuna aliyeniambia kilichotokea isipokuwa kwa nusu nusu.

Ninachojua ni hiki. Alifika Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi mlizunguka na chanjo, akanipigia akiwa juu ya kilima anacheka, anasema umekaa kiti cha mbele kama mkuu wa wilaya. Jumapili mlitoka ibadani, mkala, akasema anajinyoosha kidogo kwenye gari, nje kukiwa na ukungu na manyunyu. Saa kumi mlipomwita anywe chai hakuitika. Waliomwona zahanati wakasema moyo umesimama.

Baba, moyo wa kila aliyekufa umesimama. Mimi nauliza ulisimamishwa na nini. Friji ilikuwa inawaka? Moto ulikuwa na rangi gani? Dirisha lilikuwa wazi? Matobo ya ubavuni yalikuwaje? Ulifungua mlango wewe mwenyewe, na gari bado liko uani kwako. Naomba unijibu swali kwa swali, sina mwingine wa kumwuliza.

Tumpale

*

Ikinga
2 Septemba 2024

Mkamwana,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mvua bado. Maharage ya bondeni yameanza kukauka. Kuku wote walionyweshwa ile chanjo wamepona. Hata yule jogoo aliyenuna anawika, na majirani wananituma nikushukuru. Kule walikochelewa hakuna hata yai.

Umeuliza mengi. Mzee aliyefiwa na mwana haulizwi rangi ya moto. Dirisha lilikuwa limefungwa, hilo lijue, na alilifunga mwenyewe. Mengine aliyetoa ndiye aliyetwaa. Yaliyopita si ndwele, mkamwana, tugange yajayo.

Na yajayo yapo. Mdogo wangu Gwalugano anasema watu wanasema. Wanauliza, mwanamke aliyekaa mbali akaeleza kwa barua namna mtu anavyoweza kulala asiamke, yeye alijuaje? Tena gari ni lake, na moto ni wake. Mimi sisemi hivyo. Nakuarifu tu yanayosemwa ili usije ukayasikia sokoni.

Ukoo utakaa Jumamosi tarehe 26 Oktoba kuzungumzia Jenista, ambaye ni mtoto wa nyumba hii. Gwalugano anataka akae huku kwetu. Gari nimemwambia fundi Zebedayo alirudishe Tunduma. Sitaki kuliona uani.

Sadoki

*

Tunduma
19 Septemba 2024

Baba Mkwe,

Shikamoo. Salamu za nyumbani utanisamehe, leo sina.

Gari limefika. Zebedayo alishuka, akanipa ufunguo, akaondoka bila kunitazama. Nikadhani ni haya ya msiba. Kisha nikazunguka ubavuni.

Tobo la chini liko wazi. La juu limekandikwa. Ni udongo mwekundu wa kwenu, umechanganywa na majani makavu kama wa ukuta, umejazwa ndani ya wavu na kulainishwa kwa kiganja mpaka ukingoni. Umekauka kama chungu. Nyuma ya friji pote ni masizi, mpaka kwenye mbao za kitanda. Moshi ulikosa njia ya kutokea ukarudi ndani alimolala.

Aliko hakuwahi kujua kukandika hata banda la sungura, nadhani unakumbuka ulivyokuwa ukimcheka. Kazi ile imefanywa na mtu aliyezoea, na ameifanya kwa upendo. Hata ukingo ameupitia kwa kidole. Ningekuta gunia limesokomezwa hovyo, ningemchukia aliyelisokomeza na ingeniishia hapo.

Udongo ule ulikaa uani kwako tangu Julai. Ulipita mbele yake kila siku ukienda kwa kuku wako waliopona. Na Gwalugano anauliza mimi nilijuaje! Nilijua kwa sababu nilifundishwa, nikaandika ili nanyi mjue, na leo onyo langu ndilo limekuwa kosa langu.

Sikuombi unililie. Nakuomba tarehe 26 uwaambie ukoo ni nani aliyeziba tobo. Neno moja tu, Baba Mkwe. Usipolisema watamchukua mwanangu na kumlea akijua mama yake ni muuaji.

Tumpale

*

Ikinga
10 Oktoba 2024

Mkamwana,

Barua imefika. Baba mkwe hahojiwi na mkamwana. Hilo halikuwahi kuwepo katika nyumba hii na halitaanza kwangu.

Mlete mtoto siku hiyo.

Sadoki

*

Tunduma
16 Oktoba 2024

Baba Mkwe,

Shikamoo yako hii hapa, ni ya mwisho ya namna hii.

Miaka tisa nimeolewa kwenu. Nimeingia migombani nikisikia fimbo yako. Nimekula nyuma ya nyumba mvua ikininyeshea kwa sababu wewe ulikuwa barazani. Jina lako sijalitamka hata nikiwa peke yangu, na kwenye bahasha naandika Baba Aliko, ambaye sasa ni baba wa nani? Nilifanya yote hayo kwa moyo, sikulazimishwa, nikiamini kwamba heshima ni ya pande mbili. Kumbe kwako ilikuwa mahali pa kujificha.

Ningekuwa ndani ya gari lile Jumapili ile, nyuma ya pazia linalopeperuka, mume wangu angekuwa hai. Ningeuona udongo ukiwa bado mbichi. Nimelala na wazo hilo miezi mitatu, sasa lala nalo wewe.

Jenista simleti, anabaki kwa dada yangu. Mimi nakuja. Sitapita nyuma ya nyumba. Nitakuja mpaka mbele ya kiti chako, kichwa wazi, na utanitazama usoni nikikuambia uliyoyafanya, wote wasikie. Wakitaka kunipiga, wanipige nikishamaliza.

Tumpale

*

Ikinga
5 Novemba 2024

Tumpale,

Natumaini ulifika salama. Watson alisema ulishuka Isongole na hukuchukua hata maji. Jenista mumsalimie kwa niaba ya babu yake.

Ulitoka pale kwenye migomba, kichwa wazi, kama ulivyoandika. Wanawake wakapiga ukunga. Gwalugano akasimama akuzuie, nikamwambia kaa. Nikainua uso wangu, nikangoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Ukanitazama, ukaendelea kunitazama, ukaziba mdomo kwa mkono, ukageuka ukarudi barabarani. Watu wakasema umeona aibu. Mimi nilijua si aibu, lakini sijui ilikuwa nini, na jambo hilo halinipi usingizi.

Ulipoondoka nilisema. Ulikuwa hujafika hata kwenye daraja. Nilisimama nikasema, udongo ni wangu.

Acha nikueleze na wewe. Jumapili asubuhi Aliko alitoka garini anasugua mikono, akasema, "Baba, upepo wa kwetu unanifuata mpaka kitandani." Akaenda mtoni kuoga kabla ya ibada. Mimi nikaenda kuchukua udongo. Tobo la chini niliona linaangalia chini, nikaliacha, la juu ndilo lililokuwa linaangalia upepo. Barua yako nilikuwa nimeisoma. Nilijiambia huyu ni mtoto wa mjini anaogopa moto, na mwanangu anatetemeka. Sikumwambia Aliko. Nilitaka akilala ahisi tofauti, halafu aniulize nimefanya nini, nami nicheke. Ndilo tobo nililoziba. Baadaye sikuweza kuutoa udongo ule, hata kuugusa sikuweza.

Gwalugano amesema nimechanganyikiwa kwa msiba. Mwingine amesema barua zako zimenilisha kitu. Nusu ya ukoo haijaniamini na sasa naonekana mzee aliyelogwa na mkamwana wake. Nimechelewa kusema, na neno lililochelewa halina nguvu. Lakini kuhusu Jenista mimi ndiye mwenye nyumba, na nimesema mtoto anakaa na mama yake. Hilo hawakuweza kulikataa.

Sasa naomba maneno uliyokuja nayo. Yaandike yote, hata kama ni matusi. Ni haki yangu kuyapata.

Sadoki

*

Tunduma
24 Novemba 2024

Mzee Sadoki,

Nimeandika jina lako na mbingu hazijaanguka. Jenista hajambo, jino jipya limechungulia. Mvua imeanza, barabara ya foleni ni tope tupu. Kuhusu mtoto, ahsante. Kuhusu kusema, ulisema nikiwa nimeshaondoka, lakini umesema.

Maneno nilikuwa nayo. Niliyakariri tangu Tunduma, nikayarudia kwenye Noah mpaka abiria wa pembeni akadhani nasali. Yalikuwa mabaya. Nilikuwa nimekuandalia neno kwa kila siku uliyopita mbele ya lile gari ukanyamaza.

Lakini katika miaka tisa sikuwahi kukuona uso. Nilizijua sandali zako, fimbo yako, kikohozi chako, na mgongo wa koti lako ukiingia kanisani. Hata picha yako Aliko hakuitundika, kwa kunistahi. Hakuna aliyewahi kuniambia, labda kwa sababu ninyi mlioruhusiwa kutazama hamkuona kama ni ajabu.

Ulipoinua uso, alikuwa Aliko. Macho yale yale, lile la kulia likifumba kidogo kabla ya lingine. Mdomo ule ule uliokaa kama unaotaka kutania. Mvi zake, ambazo hakuzifikia. Mikunjo yake. Nilikuwa nimesimama mbele ya mume wangu akiwa mzee wa miaka sabini, ananitazama anangoja nimtukane, na sikuweza. Nilikimbia nikichukia kwamba hata hasira yangu umeninyang'anya.

Sijakusamehe. Usiambiwe na mtu yeyote kwamba nimekusamehe, na mchungaji akikuambia, mwambie aniulize mimi. Maneno yale sitayaandika, nayo hayajaisha.

Jenista atakuja wakati wa Krismasi na Watson, atakaa wiki mbili. Mjukuu hakatazwi kumtazama babu yake. Usimfiche uso, hata ukilia. Mkalishe mbele yako akutazame mpaka atosheke, maana ana miaka sita tu, na juzi aliniuliza baba yake alikuwa anafananaje.

Tumpale